Shajara ya mradi: kurudisha nyasi nyekundu chini ya Mlima Monduli

Mei, masika yakielekea ukingoni

Kamati ya malisho ya kijiji imetukabidhi kipande cha ardhi juu ya korongo, jirani na olopololi ya zamani, yaani malisho yaliyotengwa kwa ajili ya ndama, ambayo ndama hawajaingizwa tangu ukame wa 2021 na 2022. Kazi tuliyopewa ni kurudisha nyasi. Nimejitolea kuandika maendeleo, maana vikundi vya malisho huku kwetu hufanya kazi nzuri, halafu baada ya misimu miwili hakuna anayeweza kusema walipanda nini, lini, na kilichoota ni kipi.

Hali ya eneo ni hii. Sehemu ya juu ina udongo mwekundu uliooshwa hadi mawe yakatokeza. Ukishuka unaingia kwenye mbuga nyeusi, ule udongo unaopasuka kiangazi na kunata miguuni masika. Mwaka huu mvua haikutunyima, lakini sehemu kubwa bado ni kipara. Palipoota pameota Aristida, vinyasi vyembamba ambavyo ng'ombe huvipita tu, na kwenye mbuga kuna mashina magumu ya Pennisetum mezianum, ambayo huguswa njaa ikizidi. Kando ya njia ya mifugo gugu karoti limeshafika. Gugu hilo liliripotiwa Arusha mwaka 2010, na tangu hapo linafuata barabara na kwato popote zinapokwenda.

Kwenye kikao wazee walirudia kutaja nyasi moja, Themeda triandra, ile ambayo ikikomaa mteremko mzima hubadilika rangi ukawa wekundu wa shaba. Katika shajara hii nitaiita nyasi nyekundu. Mzee mmoja alituonyesha kwa fimbo mahali ilipokuwa ikianzia na ilipoishia enzi za ujana wake. Kwa maelezo yake eneo letu lote lilikuwa ndani.

Si kila mtu alikubali. Wapo waliotaka tupande boma rhodes: mbegu zipo madukani, inaota upesi, unavuna marobota. Sina ugomvi na boma rhodes. Jina lake la kitaalamu ni Chloris gayana, nayo ni mzaliwa wa Afrika, na anayetaka nyasi za kukata na kuuza hajakosea kuichagua. Ila sisi tunatafuta malisho ya kudumu, yatakayoliwa, yatakayoachwa yapumzike na kuliwa tena bila mtu kurudi na jembe. Tumekubaliana hivi: kwenye kipara kabisa tutapanda Cenchrus ciliaris na Eragrostis superba, ambazo hushika haraka ardhi iliyochoka, na sehemu ya katikati, yenye udongo uliobaki, itakuwa ya nyasi nyekundu.

Juni, mwanzoni

Kutafuta mabaki. Nyasi hii haijatoweka wilayani, imejificha tu. Ukitaka kuiona nenda mahali ambapo ng'ombe hawafiki kirahisi au hawafiki kila siku: uzio wa shule, kingo za barabara kuu, makaburini, miteremko yenye mawe makali, na ndani ya olopololi chache ambazo wenyewe bado wanaziheshimu. Tumezunguka pande zote za mlima tukiuliza. Kila mahali tulipoikuta palikuwa na mlinzi wa namna fulani, iwe ni uzio, jiwe au heshima.

Sababu inaeleweka. Nyasi nyekundu huota kwa mashina yaliyosimama peke yake, haitambai ardhini kama Cynodon. Sehemu inayochipua iko juu kidogo ya udongo, na jani lake changa ni tamu. Mifugo wakiwa wengi na wakirudi kila wiki, shina halipati muda wa kujaza mizizi. Likifa, mbegu zake hazisafiri mbali. Ndiyo maana watu wa malisho huitumia kama kipimo. Ikipungua, ujue ardhi inachungwa kupita uwezo wake hata kama macho bado yanaona kijani.

Kuna nyasi mbili za kuchunga wakati wa kuitambua. Moja ni Hyparrhenia, nyasi ya kuezekea, ambayo kwa mbali hufanana nayo kwa urefu na rangi. Nyingine ni Heteropogon contortus, ile inayosokotana mikia na kuchoma ngozi za mbuzi. Nyasi nyekundu hujitambulisha kwa masuke: yananing'inia kwa vifungu vya pembetatu, kila kifungu kimetoka kwenye jani dogo lililojikunja kama mtumbwi, na mikia myeusi imechomoza chini. Ukishika shina karibu na ardhi utalihisi limebapa.

Juni, mwishoni

Kukusanya mbegu. Muda ni mfupi. Wiki moja masuke bado yana ubichi, wiki zinazofuata mbegu zinadondoka zenyewe, na upepo wa alasiri unaweza kukutangulia. Tumekwenda asubuhi umande ukishakauka. Mkono wa kushoto unashika bua, wa kulia unakwangua kuelekea juu. Mbegu iliyo tayari inatoka bila kuvutwa. Inayong'ang'ania, iache.

Ugumu wake ni kwamba vingi unavyovikwangua ni maganda tu. Katika kila kifungu vishada vya nje ni tasa, na kwa kawaida kimoja tu cha katikati, chenye mkia, ndicho hubeba mbegu. Hicho nacho kinaweza kuwa kitupu. Kipimo chetu ni ukucha: bonyeza, kikikataa kubonyea kina punje ndani. Gunia lililojaa linatoa mbegu za kweli chache sana, na hili ni lazima lijulikane kwa yeyote anayepanga kununua mbegu hii kwa kilo.

Alikuja koko mmoja, yaani bibi wa Kimaasai, na wajukuu zake kutusaidia. Alipomaliza alichuma bua moja akalifunga kwenye ncha ya lubega yake, kama kina mama wa Kimaasai wanavyofanya wakiomba mvua, kisha akatuonyesha jambo ambalo vijana wa kikundi hawakuwa wamewahi kulitazama. Aliweka mbegu moja kiganjani. Ina ncha kali upande mmoja, juu ya ncha kuna nywele za rangi ya kahawia zilizoelekea nyuma, na upande wa pili mkia mrefu, uliosokotwa nusu na kupinda goti katikati. Akaidondoshea tone la maji. Kwa muda haikufanya kitu. Kisha mkia ukaanza kujisokotoa taratibu, goti likazunguka, mbegu ikageuka ubavu na ncha ikaanza kutafuta ngozi. Ilipokauka ikajisokota tena kinyume. Nywele zile hazikuiruhusu kurudi nyuma, kwa hiyo kila mzunguko uliisogeza mbele tu.

Hivyo ndivyo inavyojipanda. Umande wa usiku na jua la mchana vinaizungusha mpaka izame kwenye ufa wa udongo, mahali ambapo moto wa kiangazi utapita juu yake bila kuigusa. Tangu siku hiyo tumebadilisha mpango. Badala ya kuondoa mikia ili mbegu zifungashike vizuri, sehemu kubwa tutaiacha nayo. Tumekata pia nyasi nzima zenye masuke kutoka olopololi ya jirani aliyeturuhusu, tukazitandaza juu ya udongo uliokwaruzwa kwa reki kwenye ploti ya mashariki. Mbegu zidondoke hapo zenyewe na zifanye kazi yao.

Julai

Nimekwenda Ngaramtoni, kwenye hifadhi ya taifa ya vielelezo vya mimea, na bua zetu zilizokandamizwa katikati ya magazeti. Nilitaka uhakika wa jina kabla hatujaendelea. Jina limethibitishwa, na nimerudi na somo kubwa zaidi kuhusu eneo asilia la nyasi hii.

Ramani yake inashangaza. Inaanzia kusini kabisa mwa Afrika, inapita nyanda za juu za Lesotho, inapanda Zimbabwe, Tanzania, Kenya na Ethiopia, inavuka kwenda milima ya Yemen, halafu India, kusini mashariki mwa Asia, China na Japani, inashuka Papua na kuienea Australia hadi kisiwa cha Tasmania. Kwa mwinuko inaanzia karibu na usawa wa bahari na kupanda hadi takriban mita 3,000. Ni ya kundi la nyasi za nchi za joto, zile zinazotengeneza chakula chake kwa njia ya C4 kama mahindi na mtama, na bado inavumilia baridi ya Lesotho na Tasmania. Sijui nyasi nyingine nyingi za mwituni zinazoweza kudai nyumba kubwa kiasi hicho.

Wa kwanza kuiandika kisayansi alikuwa Peter Forsskål, mwanafunzi wa Linnaeus, aliyeikuta Yemen akiwa na msafara uliotumwa na mfalme wa Denmark mwaka 1761. Forsskål alifia huko huko Yemen kwa malaria mwaka 1763. Wenzake nao walikufa mmoja baada ya mwingine hadi akabaki Carsten Niebuhr peke yake, naye ndiye aliyechapisha maandishi ya marehemu mwaka 1775. Jina tunaloandika leo kwenye mifuko yetu ya mbegu limetoka katika kazi hiyo.

Lakini jambo lililonikaa zaidi ni asili yake. Utafiti wa vinasaba uliotoka mwaka 2017 unaonyesha kwamba jenasi ya Themeda ilianzia Asia ya kusini. Nyasi nyekundu yenyewe ilijitenga kama miaka milioni 1.5 iliyopita, ikafika Australia miaka milioni 1.3 hivi iliyopita, na bara la Afrika takriban miaka 500,000 tu iliyopita. Ilipoingia ilikuta savana zipo tayari, ikazienea na kuzisukuma pembeni nyasi zilizotangulia. Sasa weka hilo karibu na Olduvai, magharibi ya hapa tulipo, ambako zana za mawe zina umri wa miaka milioni 1.8. Maana yake viumbe wa ukoo wetu walikuwa wakitembea bonde hili kabla nyasi hii haijafika. Wazee wanaposema imekuwepo siku zote wanasema kweli kwa kipimo cha binadamu, na kwa kipimo cha ardhi ni mgeni aliyepewa kiti cha mbele.

Kuna fundisho la kazi ndani yake. Nyasi inayokaa kuanzia Tasmania hadi Monduli haiwezi kuwa kitu kimoja. Huko Australia, aina zenye seti mbili za kromosomu hukaa zaidi kusini mashariki penye unyevu na ubaridi, na zenye seti nne huendelea ndani kwenye joto na ukame. Afrika nako kuna tofauti za namna hiyo. Kwa hiyo mfanyabiashara aliyetuahidi mbegu kutoka mbali, kwa maelezo kwamba "jina ni lile lile", tumemshukuru na kumkatalia. Kuwa ndani ya ramani ya nyasi fulani hakutoshi. Tunataka mbegu ambayo mama yake ameshinda kiangazi cha hapa.

Agosti

Mbegu ziko kwenye mifuko ya karatasi ndani ya debe lenye kifuniko, stoo ya shule. Panya ni tatizo la kila siku, mchwa pia. Hatuzipandi vuli. Mbegu mpya ya nyasi hii hulala, na yaweza kuchukua karibu mwaka kabla ya kukubali kuota vizuri. Vijana wengine waliona tunachelewa, lakini kuzimwaga sasa ni kuwapa sisimizi na ndege chakula.

Septemba na Oktoba

Suala la moto limetuchukua muda mrefu kuliko kazi yote ya shamba, na ni haki yake.

Ploti ya mashariki ina matandazo makavu ya nyasi zilizokatwa Juni. Njia iliyozoeleka kwa wanaorudisha nyasi hii Australia ni kutandaza nyasi zenye mbegu, kuziacha msimu mzima, kisha kuzichoma muda mfupi kabla mbegu hazijaota. Moto unaondoa kivuli na takataka, na moshi wenyewe husaidia kuamsha mbegu iliyolala. Wazee wetu walijua upande wao wa jambo hili bila maabara: walikuwa wakichoma kwa zamu ili kupata machipukizi na kupunguza kupe.

Ila neno moto kijijini linaogopesha, na sheria inataka kibali. Tumekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, kwa afisa mifugo, kisha kwa maliasili. Laigwanani, kiongozi wa kimila wa Kimaasai, alisimama kututetea. Alisema moto uliokatazwa ni ule usio na mwenyewe, na huu una wenyewe wengi, wana majina yao kwenye karatasi.

Nilieleza pia mfano wa Serengeti, maana watu wengi hapa wana ndugu upande ule. Ugonjwa wa sotoka ulipoondoka kwa nyumbu katika miaka ya 1960, idadi yao ilipanda kutoka takriban 250,000 hadi kufikia milioni 1.3 mwishoni mwa miaka ya 1970. Midomo hiyo ilikula nyasi ambazo zingeungua, mioto ikapungua, miti ikaongezeka. Moto na mdomo vinagawana nyasi ile ile. Kinachoiua nyasi nyekundu ni kukosa vyote viwili, au kupata kimoja kupita kiasi. Huko Victoria, Australia, ambako zimebaki sehemu ndogo tu za mbuga za asili, imeonekana kwamba ikipita zaidi ya miaka kumi bila moto wala kuliwa, mashina hujisonga kwa majani yake yenyewe yaliyokauka, na mengi hufa. Kwa hiyo wale wanaodhani kuhifadhi ni kuzungushia uzio na kuondoka moja kwa moja, sikubaliani nao.

Kibali kimetoka. Tulilima njia ya kuzuia moto pande zote, tukajaza madumu ya maji, morani wakasimama na matawi mabichi, tukachoma jioni upepo ulipotulia. Moto ulipita haraka na chini. Udongo niliushika baadaye kwa kiganja, ulikuwa wa uvuguvugu tu.

Desemba

Vuli imekuwa hafifu. Yametoka machipukizi hapa na pale kwenye ploti iliyochomwa, membamba mno kuyatambua kwa uhakika. Hatujagusa kitu isipokuwa gugu karoti, ambalo tunaling'oa na glavu kabla halijatoa maua, kwa sababu linawasha ngozi na kuwasumbua wenye pumu.

Februari

Jaribio la stoo. Mbegu zilizokaa tangu Juni tumezigawa mafungu mawili. Fungu moja tulilipitisha kwenye moshi wa majani makavu ndani ya pipa, jingine tuliliacha lilivyo, kisha yote tukayaweka kwenye vitambaa vyenye maji. La moshi limetangulia kuota na limeota kwa wingi zaidi. Hatujui kama ingekuwa hivyo kwa mbegu za kila mlima, lakini kwetu imetosha kuamua: mbegu zote za kupanda masika zitapitishwa moshini.

Kwenye sehemu ya juu, iliyo kipara, makinga maji ya nusu mwezi yamekamilika, midomo imeelekea mlimani. Kina mama ndio waliochimba sehemu kubwa, na kamati imekubali wawe wa kwanza kukata nyasi za kwenye hayo makinga zitakapokuwa tayari.

Aprili

Masika yameshika. Tulipanda mvua ya pili ilipolowesha udongo, mbegu zikirushwa juu juu na kukanyagwa na mbuzi wachache waliopitishwa mara moja. Hatukufukia, maana mbegu hii ikizikwa kina kirefu haitoki.

Ninayoyaona sasa naweza kuyaandika kwa furaha. Ploti ya mashariki, ile ya matandazo na moto, imeipita ya kurushwa kwa mkono kwa mbali sana. Mashina machanga yamesimama kwa mistari isiyo rasmi kufuata nyufa na mikwaruzo ya reki, kila moja limebapa chini, majani yana rangi ya kijani yenye ubuluu kidogo. Nilipiga magoti na kufuatilia moja hadi mizizini. Ganda la mbegu lilikuwa bado limekwama ndani ya ufa, ncha chini, mkia juu ya udongo umeungua nusu. Ndivyo ilivyoingia, yenyewe, miezi kabla ya mvua.

Kwenye ploti ya mkono zipo, lakini zimetawanyika, na katikati yake Aristida imetangulia. Kwenye makinga maji Cenchrus imejaa. Chini kabisa kwenye mbuga nyeusi bado Pennisetum mezianum imeshikilia, na nadhani itachukua miaka. Laikipia nchini Kenya, kwenye udongo mweusi wa kituo cha utafiti cha Mpala, nyasi nyekundu na Pennisetum huishi pamoja kama sehemu ya nyasi chache zinazotawala, kwa hiyo sioni sababu ya kuing'oa. Tutaongeza tu nyasi nyekundu pembeni yake.

Juni

Kikao cha kamati cha mwaka kimefanyika pale pale shambani. Mjadala mkubwa ulikuwa lini mifugo waingie. Wapo waliosema miaka mitatu, wapo waliosema leo, kwa sababu majirani wanaona kijani na wanauliza.

Uamuzi umeandikwa na kutiwa saini. Msimu huu hakuna mnyama hadi mbegu zidondoke, kwa kuwa mashina ya mwaka wa kwanza lazima yaachwe yazae. Baada ya hapo, kiangazi kikiwa katikati, ndama wataingizwa ploti ya mashariki kwa siku chache, asubuhi tu, kisha geti litafungwa hadi masika yapite. Ploti ya mkono itapumzika mwaka mzima na kutandazwa upya kwa nyasi zenye masuke, mara hii zikikatwa kutoka ploti yetu wenyewe. Sehemu ya makinga maji itakatwa na kina mama. Moto hautarudiwa mpaka kamati ikague wingi wa majani makavu.

Vijiji viwili vya jirani vimeomba mbegu. Tumewajibu kwamba tutawafundisha kwanza kutafuta mabaki ya kwao, na tukaanza wiki hii kwa kuzunguka nao makaburi na uzio wa shule yao. Tumekuta mashina kadhaa nyuma ya zahanati, yamekomaa. Kesho asubuhi umande ukikauka tunakwenda kuyakwangua.